Nyuma ya Picha ya Harusi

Mama yangu hana silaha ila ndara yake ya mguu wa kushoto. Ya kulia ni ya kuvaa tu. Ile ya kushoto huivua huku bado anazungumza nawe, habari za harusi ya fulani hazikatiki, akaipima mkononi, macho yameshahamia ukutani, halafu paa! Kisha anaendelea na harusi pale pale alipoachia. Nyumba yake ya Mombasa haina mjusi kafiri hata wa kutafuta kwa tochi.

Si ukatili. Tumelelewa na kisa kwamba Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, viumbe wengine walihangaika kuuzima moto ule, mjusi huyu peke yake akakaa kando akiupuliza uzidi kuwaka. Ndiko watu wa pwani wanakosema alipatia jina lake la kafiri. Na tukafundishwa kwamba amuuaye kwa pigo la kwanza ana thawabu mia, kwa la pili zinapungua, kwa la tatu zinapungua tena. Mama hapendi hesabu za kupungua.

Sasa mkwe wa mama huyu, yaani mume wangu wa ndoa, alikuwa na mijusi kafiri thelathini na wanne ndani ya masanduku mawili ya plastiki, chini ya kitanda alicholalia Mama alipotutembelea Kisumu mwezi wa Desemba.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana hakuna mtu anayeamka asubuhi moja akajikuta mfugaji wa mijusi.

Baba Watoto ni Mluo wa Kendu Bay, wa wale Waluo ambao Uislamu kwao ni wa tangu mababu, na ni fundi wa injini za mashua ufuoni Dunga. Mikono yake haina kosa. Kichwa chake ndicho hutoka nyumbani bila kuaga. Mwaka 2013, wazimu wa kware ulipoingia nchini, kila mdomo ukisema mayai yao yanatibu kila kitu kuanzia pumu hadi kisukari, alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuchukua leseni. Kware kisheria alikuwa ndege wa porini, kwa hiyo mfugaji alitakiwa kupata kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Babu yake alikuwa akiwatega hao hao, aluru kwa Kiluo, kwa vikapu vilivyoning'inizwa juu ya mlingoti mrefu, ndege aliyefungiwa ndani akiwaita wenzake waje washikwe. Lakini babu yake hakuwa na fremu. Mjukuu alipata leseni, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni ubavuni mwa picha yetu ya harusi. Kufikia mwanzoni mwa 2014 kila mwenye uwanja alikuwa na kware na hakuna aliyekuwa na mnunuzi. Tulikula mayai ya kware kwa ugali, kwa chapati, kwa huzuni. Vizimba vikaenda stoo. Leseni ikabaki ukutani.

Basi hayo ya kware yalikuwa yamepoa, miaka imepita, mimi nimeshaanza kuamini kwamba nimeolewa na mtu mzima.

Nyumba yetu iko njia ya kwenda Dunga, karibu na maji kiasi kwamba upepo ukivuma unanusa omena kabla hujaulizwa utapika nini. Watu wa mbali hawajui maana ya kuishi karibu na ziwa hili mpaka wawaone wadudu wake. Mgeni wa mara ya kwanza hudhani kuna meli inaungua katikati ya Ghuba ya Winam: nguzo za moshi mweusi zimesimama juu ya maji, zinayumba. Moshi ule ni wadudu, mamilioni kwa mamilioni, waliokulia matopeni huko chini wakiwa mabuu, sasa wamepanda juu kupandana na kufa. Hawaumi. Wanafanana na mbu lakini hawana haja na damu yako. Haja yao ni taa. Upepo ukiwaleta mjini jioni, kila balbu inavaa koti. Asubuhi unawafagia verandani kwa rundo, na wale walioingia kwenye sufuria ya mchuzi unawahesabu kuwa kitoweo.

Wengine wao wana kalenda. Wapo wa aina moja ambao hutoka kwa wingi siku za mwezi kuandama; mtafiti aliyekuwa upande wa Uganda alilieleza jambo hilo miaka ya 1950. Likumbukeni, maana Mama naye maisha yake yanakwenda kwa mwezi mwandamo, na hao wawili walikuja kukutana nyumbani kwetu.

Palipo na wadudu kama hao mjusi hatumiwi barua. Jioni ukiwasha taa ya veranda, wao wameshajipanga: mkubwa karibu kabisa na balbu, wadogo pembeni, kila mmoja na eneo lake, na anayevuka mpaka anafukuzwa kwa kelele. Kwa miaka kumi na mitano niliwaona bila kuwatazama. Hata nilikuwa nimewazoea, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mama yangu kwenye simu.

Wazo lililetwa na kijana mmoja aliyekuja kutengenezesha injini. Alimweleza mume wangu kwamba Marekani na Ulaya watu wanafuga nyoka na mijusi ndani ya nyumba, wamewatengenezea vioo na taa za kuotea joto, na kwamba hawa wa ukutani, hawa hawa, wanauzwa madukani kwa dola chache. Wengine wananunuliwa wakae kama paka. Wengine wananunuliwa waliwe, kwa kuwa wapo nyoka ambao panya hawamtaki, wanataka mjusi. Wengi wa hao wa madukani wanakamatwa Asia ukutani na kupandishwa ndege. Na Nairobi, kijana akaongeza, yuko bwana mmoja mwenye nyoka na kibali chake, angenunua kila mjusi kwa shilingi mia, mradi awe amezaliwa kizimbani. Wa kuokota ukutani wana minyoo.

Baba Watoto alirudi nyumbani akiwa hatembei, anaelea.

"Mama Watoto," akaniambia, "watu wanaagiza mijusi kwa ndege, na sisi tunao bure hapa tunawalisha bure!"

"Nani anawalisha?"

"Hiyo taa stima yake analipa nani?"

Kifungua mimba wetu, msichana wa kidato cha tatu ambaye amerithi mikono ya babake na, namshukuru Mungu, kichwa cha mtu mwingine, akakaa na simu jioni nzima. Akatuambia kwamba Morogoro, Tanzania, kwenye msitu wa Kimboza, kuna mjusi mdogo wa rangi ya buluu anayeng'aa kama hereni, anayeishi kwenye mikadi ya msitu huo, na kwamba Wazungu walimpenda mpaka akakaribia kwisha. Tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, na Tanzania ilikuwa imeshazuia tangu 2016 kutoa nje wanyamapori walio hai. Babake alisikia neno moja tu katika hayo yote: walimpenda.

"Lakini Baba, huyo ni wa porini."

"Na wa kwetu je? Ni wa nyumbani! Porini ni wapi hapa, nyuma ya picha ya harusi?"

Tulicheka. Ilikuwa Oktoba.

Mijusi wa kwanza kumi na wawili walikamatwa kwa ndoo na ufagio na wakatiwa kwenye vizimba vya kware. Usiku ule ule walitoka wote, kwa kuwa tundu ambalo kware hapitishi kichwa, mjusi anapitisha ukoo. Asubuhi walikuwa wamerudi kwenye nafasi zao verandani, mkubwa karibu na balbu. Ndipo yakaja masanduku ya plastiki ya kuwekea nguo, na juu yake kikatandazwa kitambaa chenye matundu madogo mno, kimefungwa kwa mpira wa kiunoni. Kitambaa kile nilikitambua. Kilikuwa chandarua cha kitinda mimba.

"Kule ufuoni si wanaanikia omena?" akajitetea. Kweli wanaanikia, kila mtu wa ziwa anajua vyandarua vingi vimekufa kifo cha omena. Lakini omena ni chakula.

Nitasema haki yake: alifanya kazi ile kwa makini kama anavyofungua kabureta. Alijifunza kutofautisha dume na jike kwa kutazama chini ya mkia, pale dume anapotuna. Alinifunza na mimi, kwa lazima. Alimshika jike mmoja kwa glasi ya chai, akaingiza kadi ya simu chini yake, akaniinulia glasi kwenye taa ya jikoni.

Ndipo nilipomwona mjusi kafiri kwa mara ya kwanza maishani, na nilikuwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa amesimama juu ya kioo, mimi namtazama kwa chini. Tumbo lake lilikuwa jepesi kama karatasi ya kufungia halua. Ndani yake upande mmoja kulikuwa na giza la wadudu aliokula, na nyuma kidogo, mayai mawili meupe, moja kila upande, wazi kabisa kana kwamba ameyabeba kwenye mfuko wa nailoni. Vidole vimetandazwa, na chini ya kila kidole mikunjo imepangwa kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa nusu. Binti yangu ananiambia hakuna gundi pale. Ni vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani walipima nguvu ya unywele mmoja wa jamaa yake mkubwa wa Asia. Mjusi akatoa ulimi akajilamba jicho. Hana kope, hawezi kupepesa, kwa hiyo analiosha kwa ulimi. Nilirudisha glasi mezani polepole kuliko nilivyokusudia.

Huyo ndiye aliyeitwa Malkia. Jina la kitaalamu la jamii yake ni Hemidactylus mabouia, na hapo pana kichekesho: ni Mwafrika wa asili, lakini aliandikwa jina hilo 1818 kutoka visiwa vya Karibi, ambako inaaminika jamaa zake walifika kwa meli zilizotoka huku. Hata mjusi amesajiliwa ughaibuni.

Shida ikawa chakula. Kizimbani hakuna balbu wala upepo wa ziwa. Siku zenye wadudu Baba Watoto alikuwa akitega beseni la maji chini ya taa, anakusanya, anawamwaga ndani. Nusu wamekufa, na mjusi hali kisichosogea. Siku zisizo na wadudu alikwenda mpaka Bondo, ambako chuo kikuu kinatafiti wadudu kama chakula na ufugaji wa nyenje si mzaha, akanunua debe dogo la nyenje kwa mfugaji. Nyenje walitoroka kwenye tuktuk, wakatoroka jikoni, na waliobaki wakahamia chini ya friji. Kwa wiki tatu tulilala ndani ya taarabu. Mijusi walikula nyenje wanane.

Na uzazi? Walizaa. Hilo halikuwa tatizo hata kidogo. Malkia alitaga mawili yake kwenye pembe ya sanduku, laini kwanza kisha yakakauka yakawa magumu na kunata pale pale. Wenzake wakafuata, mawili mawili, hawajui hesabu nyingine. Baba Watoto akaandika tarehe kwenye daftari la injini. Akapiga hesabu ya miezi miwili, akapiga hesabu ya shilingi. Yale ya jike mmoja aliyekamatwa na kutiwa pamoja na kipande cha ubao chenye mayai yake yalitangulia kupasuka. Asubuhi maganda yapo, watoto hawapo. Akafunga chandarua kwa mipira miwili. Yakapasuka mengine: maganda, hakuna watoto. Akamshuku kitinda mimba. Kitinda mimba akalia. Mpaka siku binti alipoinamia sanduku na tochi usiku akamkuta Malkia ametulia pembeni, na mdomoni mwake kunaning'inia kijimkia chembamba kama uzi, bado kinapiga.

"Mwambie Baba," akaniambia, "Malkia anakula mtaji."

Ukutani mtoto wa mjusi akianguliwa hukimbilia ufa. Ndani ya sanduku hakuna ufa. Hilo Baba Watoto alilielewa, akaanza kuchonga viota vya mbao, na ndiko tulikofika mama yangu alipopiga simu.

Alikuwa ameshafika Nakuru.

"Nimewaza tu nije niwaone," akasema. Mama haombi nafasi. Anaingia ndani ya basi la usiku na kikapu cha mahamri na chupa ya achari, halafu anakujulisha akiwa amebakiza saa chache. Mume wangu alikuwa ziwani, ameitwa kwenye mashua iliyokwama kwenye gugumaji. Masanduku yalikuwa chumba cha wageni, chini ya kitanda, kwa kuwa ndicho chumba chenye joto. Nilisema moyoni, atarudi, atayatoa kabla Mama hajalala. Mama alifika saa nane mchana, akaswali, akakiona kitanda, akalala.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiowajua Waluo. Kwao mama mkwe, maro, ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Mume hawezi kuingia chumba anacholala maro wake. Uislamu umewafikia Kendu Bay miaka mingi, lakini hili haukuligusa. Baba Watoto aliporudi jioni akamsalimu Mama kwa kichwa kilichoinama, akauliza hali ya Mombasa na hali ya safari, kisha akaja jikoni amebadilika rangi.

"Nani atawanyunyizia maji?"

"Bora uulize nani atakunyunyizia wewe akiwaona."

Kazi ikamwangukia kitinda mimba, mwenye miaka kumi na tatu na mwili wa mjusi. Kila Mama alipokwenda kutawadha, yeye alikuwa kifudifudi chini ya kitanda na chupa ya kunyunyizia maua. Kwa siku nne mambo yalikwenda. Lakini nje ya chumba kile Mama alikuwa kazini. Ndara ilifanya kazi verandani, jikoni, chooni. Binti akaanza kuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo: Bibi 3. Bibi 7. Bibi 11, tisa kwa pigo la kwanza. Baba Watoto alikuwa akipita pale, anasoma, anashusha pumzi kama mtu anayesoma bei ya petroli.

Jirani yetu, mama wa kanisa ambaye kwa miaka yote ananiita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, alikuja kumwamkia mgeni akamkuta ndara juu. Akacheka, akasema kwao mjusi ametajwa kwa heshima kwenye kitabu cha Mithali, kwamba yumo hata majumbani mwa wafalme. Mama akamjibu kwa adabu zote kwamba hapa si jumba la mfalme. Paa.

Siku ya sita mwezi wa Rajabu ukaandama. Mama aliutafuta kutoka uani akauona, mwembamba juu ya ziwa, akasoma dua yake. Nami nikaiona nguzo ya moshi ikijisimamisha kule kwenye maji, halafu nyingine, na upepo ukigeukia kwetu. Magharibi ilipotoka hewa ilikuwa imejaa. Tulifunga madirisha, wakaingia kwa matundu ya juu. Halafu stima ikapotea mtaa mzima.

Giza. Wadudu wote waliokuwa kwenye balbu za mtaa wakakosa pa kwenda. Mama chumbani kwake akawasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye mto, akatandika msala aswali Isha.

Niliyoyasikia nayaeleza kwa mpango wake. Kwanza kimya, anaswali. Kisha salamu, kulia, kushoto. Kisha, "A'udhu billahi!" Kisha paa. Kisha ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mama yangu, hata siku ya msiba wa Baba.

Nilipofungua mlango, chumba kilikuwa kimegeuka sinema. Taa moja ya simu imemulika ukuta mzima, ukuta umefunikwa na wadudu, na juu ya wadudu, mijusi. Wa nje walikuwa wameingia kwa tundu la hewa. Wa ndani walikuwa wakipanda kutoka chini ya kitanda mmoja mmoja, kwa sababu mtu mmoja wa miaka kumi na tatu alikuwa amenyunyiza maji haraka haraka akasahau mpira wa pili. Kwa miezi miwili chakula hai walikipata kwa kubahatisha. Sasa chakula kimewajia chumbani. Walikuwa wakila kwa pupa, hawaogopi mtu. Na katikati ya msala, mkia peke yake, hauna mwenyewe, unarukaruka kama umepagawa. Aliyepigwa alikuwa ameuacha pale akaenda zake.

"Una jini humu!" Mama akanifokea, ndara mkononi. "Mkia unaswali!"

Na mlangoni, nyuma yangu, Baba Watoto. Hakuvuka kizingiti. Alisimama pale, uso ameugeuzia dari ya korido kwa heshima ya maro wake, mikono ameiunganisha, akisema kwa sauti ya mtu anayeombea watu wake:

"Mama, nakuomba. Tafadhali usiwapige. Ni wangu."

Mama akageuka polepole.

"Wako?"

"Nawafuga, Mama."

"Mwanangu, tangu lini kafiri akawa wa mtu?"

Akarudi kazini. Mkwe mlangoni, macho darini, akisikia kila pigo na kuhesabu kwa midomo. Kitinda mimba alikuwa amejifunga shuka kichwani. Binti, simsamehi, alikuwa amekwenda kutafuta chaki.

Stima iliporudi saa nne, tisa walikuwa sakafuni. Malkia hakuwamo. Masanduku yalikuwa na waliobaki kumi na mmoja. Wengine walikuwa nyumbani, kama mtu anavyosema mtoto wa shule ya bweni yuko nyumbani.

Asubuhi jirani alikuja kuuliza kelele zilikuwa za nini. Alipoambiwa alishika kichwa. "Yawa! Nyar Mombasa, hamsomi magazeti? Si chungu tu waliwapeleka watu kortini?" Na kweli. Mwaka ule ule, 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na chungu wapatao elfu tano, malkia wengi, wametiwa kwenye vichupa vyenye pamba wapelekwe kwa wafugaji wa Ulaya na Asia. Mwezi wa Mei mahakama iliwatoza wao, Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja shilingi milioni moja kila mmoja au mwaka mzima jela. Kwa chungu! Baba Watoto aliinuka bila kumaliza chai, akaenda sebuleni, akasimama mbele ya leseni yake. Aliisoma yote. Ilikuwa ya kware, na ilikuwa imekwisha muda wake zamani.

Alitoa masanduku uani akafungua vyandarua mbele yetu sote, hata Mama alitoka kutazama, amevaa ndara zote mbili. Mijusi kumi na mmoja wakabaki wameduwaa kwenye mwanga wa jua. Halafu mmoja akapanda ukuta wa jikoni, mwenzake akafuata, wakaenda mpaka kwenye tundu la hewa juu ya dirisha la sebule, na mmoja baada ya mwingine wakaingia ndani. Haikuchukua dakika tano.

Kwa kuwa leseni ilikuwa inashuka ukutani, nikasema tushushe na picha ya harusi, tufute vumbi. Niliivuta. Upande wa nyuma, kwenye pembe ya fremu na kwenye ukuta wenyewe, palikuwa peupe. Maganda. Mapya, makuukuu, yaliyopondeka, mawili mawili, yamenata juu ya alama za yale yaliyotangulia. Binti aliyahesabu kwa ncha ya kalamu: sitini na mawili. Na ndani ya ufa wa plasta, uliokuwa na upana wa ukucha, macho mawili, mtoto wa mjusi asiyezidi urefu wa kiberiti, ameturudishia macho. Mama alikuwa karibu nami. Nilihisi bega lake likisogea kuelekea mguu wa kushoto. Kisha akalirudisha.

"Irudishe picha," akasema. "Vumbi limeniingia machoni."

Mume wangu aliirudisha, akainyoosha kwa kiganja. Hakusema neno siku nzima. Jioni yule bwana wa Nairobi alipiga simu kuuliza amebakisha wangapi, naye akamwambia biashara imesimama kwa sababu za kifamilia.

Mama alikaa wiki moja zaidi. Akaondoka na debe la omena, mbuta wa kukausha, na kanga mbili, pamoja na mkoba wake wa ngozi, ambao siku zote alizokuwa nasi ulikaa chini ya kitanda, ubavuni mwa masanduku.

Siku mbili kabla ya Ramadhani simu ikalia. Nilidhani anataka kuniuliza kuhusu tende.

"Huu mkoba wangu," akasema, "mfuko wa pembeni, ule wa zipu mbovu. Mlitia nini humu?"

"Hatukutia kitu, Mama."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia akipekua, na sauti ndogo ya kitu kikavu kikivunjika kati ya vidole.

"Ni maganda," akasema. "Mawili. Yako matupu." Kisha, taratibu, kama mtu anayetazama kuta zote za chumba chake moja baada ya nyingine: "Sasa hao wajukuu wa mumeo wako wapi?"